Sanduku la Biskuti

Mzee Shekighenda alipiga picha majengo tu.
Watu, alisema, wanasogea.

Nainua negativu ya kwanza dirishani, nje ukungu:
mbingu ya Lushoto nyeusi kama lami,
hoteli ya wageni, dohani mbili, vigae vyeupe.
Ya pili, dohani moja.
Ya tano, bati.
Ya kumi na moja, sakafu,
na mgomba uliojiotea jikoni.
Leo pale wanauza saruji, na misumari kwa kilo.

Lakini kwenye ya tatu kuna aliyesogea:
ukungu wa mtu barazani, ameshika fagio.
Bibi yangu Mazuhura. Namjua kwa lile bega.
Kando yake, kitini, mama wa Kizungu mwenye hoteli.
Na humu, kabla ya kusafishwa,
yule mama ni mweusi tititi
na bibi yangu anawaka kama karabai.

Kijana wa makumbusho ananiuliza:
Hii nayo niisafishe, kila mtu arudie rangi yake?

Naifunga kwenye gazeti.
Hii iache.
Wewe chukua dohani.