Mzigo wa Gramu Mia Nne

Mama alitaka kujua jambo moja tu:
"Huko, mwanangu, ulikuwa unafanya kazi gani?"
Kaka akatazama sufuria ya ndizi, akasema:
"Nilikuwa nabeba."

Mama akanigeukia mimi.
Mimi ndiye mpagazi wa nyumba hii. Miaka kumi na tisa
napimiwa mzigo kwenye lango la Machame,
kilo ishirini, mahema ya wageni,
hata choo chao cha plastiki nimekipandisha hadi Barafu.
"Basi," akasema, "wote wawili mnabeba.
Mzigo wenyewe kilo ngapi?"

"Gramu mia nne, mama.
Mpira wa ngozi, umechongoka kama papai."

Tulicheka hadi ng'ombe akageuza kichwa bandani.
Hata nusu kilo ya nyama haifiki!
Kaka naye alicheka, ila mkono ulikuwa kwenye goti.

Nilivyoelewa mimi ni hivi:
unapewa mpira. Mbele yako wanaume kumi na mmoja,
mmoja wao peke yake gunia na nusu la mahindi,
wamelipwa wakulaze chini.
Unatafuta mwanya. Mwanya haupo. Unapita.
Kisha wanapima ulipofika kwa mnyororo,
kweli, mnyororo, kama wapima viwanja wa halmashauri:
hatua nne, hatua mbili,
siku nyingine umerudi nyuma hatua moja,
nayo inaandikwa.

Aliondoka na miaka kumi na sita, ufadhili wa kanisa,
sanduku la bati lenye jina AIKAELI MOSHIRO
kwa rangi iliyobaki ya mlango.
Walitaka asome udaktari.
Mwalimu mmoja akamwona akikimbilia basi la shule.
Mtoto aliyeshuka mteremko wa Kibosho kwenye tope la masika
na galoni la maziwa, bila kumwaga,
umweke kwenye uwanja tambarare,
nani angemshika?

Misimu sita. Timu tatu.
Jezi namba thelathini na moja ilikuja kwa posta;
mama aliivaa akienda kukata majani ya ng'ombe
mpaka tatu ikabanduka, ikabaki moja.
Msimu wa nne, goti. Wa tano, bega.
Wa sita alikuwa na miaka ishirini na minane
na walimwita mzee,
wakampa mfuko wa taka akusanyie vitu vyake.
Umri huo mimi sikuwa nimepandishwa hata kuwa mpishi.

KCMC daktari kijana aliinua picha dirishani,
akauliza kama ilikuwa ajali ya bodaboda.
Kaka akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

Kupanda anaweza. Kushuka ndiko kunamshinda:
asubuhi anateremka barabarani kinyumenyume,
akishika migomba.
Na kuna lingine, hatulisemi mezani:
swali la saa mbili analiuliza tena saa tatu,
nasi tunalijibu kana kwamba ni jipya.

Anachokumbuka vizuri ni mpira mmoja alioangusha.
Theluji, dakika ya mwisho. "Ulinitoka kama sabuni."
Nikamwambia niliwahi kuangusha trei tatu za mayai pale Karanga,
wageni wakala uji mpaka kileleni.
Akaniangalia kama mtu aliyepata ndugu.

Jumamosi mama alituagiza nyama Kiboriloni.
Watu wamefurika, marundo ya mitumba, hakuna njia.
Ghafla namwona ameibana nyama kwenye kiwiko,
kiganja kimefunika ncha ya kifurushi,
bega limeshuka,
na mguu, ule ule mbovu, unanusa mwanya
kati ya mama wa mashuka na kijana wa viatu.
Akapita. Hakuguswa na mtu.
"Baba, nani anakukimbiza?" kijana wa viatu akapiga kelele.

Kaka yuko ng'ambo, anahema, ananitafuta kwa macho.
"Hatua ngapi?"

Nikahesabu.
Nikamwambia tisa.
Zilikuwa sita.