Jumanne, Bandani kwa Odindo

Nililipa shilingi ishirini nikaketi benchi la nyuma,
harufu ya mgongo wazi bado imo kwenye kucha zangu.
Vijana walikuja kutaka mateke na milio ya risasi.
Odindo, diski zake zote zimekwaruzika ila moja,
akatuwekea filamu kuukuu ya Kijapani, nyeusi na nyeupe,
ya zamani kuliko kiwanda, kuliko lami ya Obunga.

Mvua ilinyesha ndani ya kioo.
Juu yetu mabati makavu, Kisumu inatokota,
nasi tukajikunyata kama walionyeshewa.

Anaingia mtu. Kandambili za nyasi, nywele zimefungwa kisogoni,
upanga kiunoni kama mwavuli siku isiyo na wingu.
Hana bwana. Bwana wake amekufa, au amefilisika,
Obura mtafsiri hakuwa na hakika
(Kijapani hakijui; husoma nyuso, kisha hubuni).
"Huyu jamaa ameachishwa kazi! Anatafuta kibarua!"
Banda likaangua kicheko.

Miaka kumi na mmoja nilisimama kwenye meza ya chuma,
buti za mpira, kofia ya nailoni, baridi hadi mifupani,
mbuta mmoja kila nusu dakika,
kisu nyuma ya pezi, geuza, fuata uti,
usiukate, uusikie tu.
Kisha samaki wakaadimika. Wakatusomea majina kwenye karatasi,
lango likafungwa nyuma ya migongo yetu.
Kisu nilirudisha.
Mkono nilienda nao nyumbani.

Kazi anayopata ni kulinda daraja. Mshahara, bakuli la wali.
Punje ya mwisho anaiokota kwa vijiti
kama anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto.
Hapo nikamwamini.

"Aanze! Aanze basi!"
Haanzi. Anashona kamba ya kandambili.
Anasikiliza mto. Anampisha mama mwenye mzigo wa kuni.

Ndipo anakuja kijana mwenye upanga mpya na domo refu.
Nilimtazama anavyoushika, kama wasichana wetu siku ya kwanza,
vidole vimekaza, bega limepanda hadi sikioni.
Nikasema kwa sauti, "Huyo atajikata."
Nyar Seme akanifinya. "Kumbe ulishaiona?"
Sijawahi.

Wakasimama.
Obura akafungua mdomo, akaufunga.
Jenereta peke yake ndiyo iliyosema.
Nilihesabu pumzi zangu kumi na nne
nyasi zikilala, zikiinuka,
na tone moja likitembea ukingoni mwa kofia yake
bila haraka, kama lina njia yake.

Pigo lilikuwa moja. Sikuliona.
Niliona bega la mzee likishuka,
ule utulivu unaotangulia chuma kufika kwenye nyama,
na mkono wangu wa kulia, gizani, juu ya paja,
ukageuka wenyewe.

Vijana wakapiga mbinja, wakaanza kudaiana pesa za dau.
Hawakuona mzee akishuka mtoni,
akiufuta upanga, upande huu, kisha ule,
halafu akiketi kwenye jiwe, mabega yakitikisika,
wala muziki haupo wa kutuambia
kama ni baridi au ni kilio.
Obura, Mungu ambariki, hakutafsiri.

"Polepole mno," Nyar Seme alisema tukitoka.
Nilikubali. Polepole mno,
kama mtu anayejua kazi yake.

Kesho yake nilirudi. Odindo alikuwa keshaweka ya mateke.
Nikamwambia, ile ya mvua.
Akasema haina soko, watu watatu watadai pesa zao.
Nilikuwa nimeuza migongo sita tangu asubuhi.
Nikaweka arobaini mezani,
nikaketi benchi la mbele.