Funguo Mbili

Mlango wa stoo yetu una kufuli mbili.
Ufunguo mmoja anao kocha wa zamu, wa pili ninao mimi,
Nyanzobe, katibu wa klabu ya watoto, Kayenze.
Watu hunicheka:
"Mipira saba na koni zilizoliwa na panya!
Unalinda nini, Katibu? Almasi za Mwadui?"

Nacheka nao. Nakaza kamba shingoni.

Goli letu moja limetazama mawe,
jingine limetazama ziwa;
ukipaisha, mpira unaangukia dagaa walioanikwa
na mtoto anarudi nao unanuka,
nyuma yake mwenye dagaa na matusi ya Kisukuma.
Hayo ndiyo matusi pekee ninayoyaruhusu.

Budeba alikuja mwezi wa tatu, siku ya mvua,
na jozi kumi na moja za njumu ndani ya kiroba.
Watoto walimpenda kabla hajavua koti.
Nami nilimpenda, kwa nini nifiche?
Klabu haina senti, mtu anakuja bure,
na anajua kumtuliza beki mwenye papara.

Nikamwekea karatasi mezani.
Jina. Ulikofundisha. Watu wawili nitakaowapigia simu.
"Dada, nimekuja kusaidia, siombi kazi ya benki."
Nikamfunulia faili. Ya kwanza ni yangu:
picha ya pasipoti nimekunja uso,
na mwalimu wangu wa zamani ameandika,
"Ana kelele, lakini mwaminifu."
Ya pili ya mwenyekiti. Ya tatu ya mama anayetuchotea maji.

Akajaza.
Namba moja haikupatikana.
Ya pili ilipokelewa na mtu wa Sengerema
aliyenyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha,
kisha akasema, "Huyo? Alihama tu,"
akasubiri nikate mimi.

Alihama tu.
Maneno mawili, nikalala nayo kama mchanga jichoni.
Nikamwambia: njoo, lakini hutakuwa peke yako nao,
mpaka nimpate mtu atakayemaliza sentensi ile.

Ushahidi sina. Niliiambia kalamu iandike hivyo, sina.
Nina pikipiki yake iliyompakia Shija jioni mara mbili,
njia isiyo ya kwao.
Nina simu mpya mkononi mwa Shija, mtoto wa muuza mkaa.
Nina kanuni namba nne:
mtu mzima mmoja, mtoto mmoja, mahali pasipoonekana, hapana,
awe kocha, awe katibu, awe padri.
Asubuhi nilipanda ofisi ya ustawi wa jamii na daftari langu.
Mchana, mwenyekiti akiwa kando yangu, akikohoa kikohozi cha kukwepa,
nikanyoosha mkono: filimbi, tafadhali.

Hakubisha. Alitabasamu.
Tabasamu lile sikuliandika, sikujua safu yake.

Wiki nzima nilikuwa mwenye roho mbaya, mchawi wa vipaji,
mwanamke asiyejua hata ofsaidi.
Jumamosi Igombe walitufunga manane. Manane!
Baba mmoja aliyahesabu kwa sauti, macho kwangu.
Ofsaidi naijua, baba.
Ni mtu kujificha nyuma ya mabeki,
karibu na golikipa mdogo,
akisubiri wengine watazame kwingine.

Usiku nilijiuliza: na kama nimekosea?
Swali hilo halijaondoka. Tumezoeana.

Shija alirudi wiki ya tatu.
Hakuwa na simu. Hakusema, sikumhoji;
yupo dada wa ustawi aliyesomea namna ya kuuliza.
Alisimama tu kando ya stoo
kocha Nabigambo akifungua kufuli yake, nami yangu.

"Usiku unauweka wapi ufunguo?"
"Chini ya mto."
"Na yeye?"
"Kwake. Mbali na kwangu."

Akafikiri.
Akaingia, akaacha mipira, akabeba koni
akaenda kupanga mstari kuelekea ziwani.
Mstari ulipinda vibaya.
Sikuunyoosha.