Athari

Saluni yetu hapa Ibra ina viti vitatu,
kioo kimoja chenye ufa pembeni,
na kiyoyozi kinachokohoa kama mwenye pumu.
Choo kiko nyuma, kwa mshonaji wa kanzu.
Ufunguo anao yeye, na yeye hulala mchana.

Basi nikajifunza kutokunywa.
Asubuhi kahawa, kile kikombe cha kidole gumba,
adhuhuri tende mbili,
hata Isha ikifika ulimi umekuwa ukili mkavu.
Nikaiita subira.

Nje, digrii arubaini na sita.
Ndani, mikono yangu imo vichwani mwa watu,
nachambua, nasuka, nasuuza,
maji yananipita vidoleni kutwa
kama noti zinavyompita karani wa benki.

Kisha nywele zangu zikaanza kuhama.
Kwanza kwenye mto. Kisha kwenye chanuo.
Kisha Zuwena binti Khalfan, mteja wangu wa kila Alhamisi,
akaokota unywele begani mwake, akaunyoosha mwangani:
"Huu si wangu, shoga. Wangu una hina."

Nikalaumu maji ya tangi. Nikalaumu jicho.
Jumatano, soko la wanawake, nikanunua
mafuta ya mnyonyo, unga wa majani ya mkunazi,
na kichupa cha kitu cheusi
ambacho muuzaji alikisifu kabla sijauliza.
Nikapaka, nikafunga, nikalala nikinuka kama sambusa.
Asubuhi mto ulikuwa na mafuta, na nywele zilezile.

Zuwena akanichukua shambani kwao, kunipa ndimu tu,
hakuwa na hekima ya kunigawia.
Falaji inapita chini ya ukuta wa udongo,
baridi, haina haraka.
"Ina adabu yake," alisema kakaye, Mahfudh,
akizibua mfereji uliozibwa kwa jiwe na tambara.
"Kwanza ya kunywa, kisha msikiti,
kisha ya kuogea, ndipo mitende.
Zamu yetu athari mbili. Athari moja ni nusu saa."

Nikacheka. Kwetu Wete
athari ni kile kinachobaki jambo likishapita.

Kule mwisho wa mfereji ulisimama mtende
majani yamekauka kuanzia nchani.
"Na ule?"
"Ule ndio wa mwisho. Maji yakipungua, haufikiwi."

Usiku nilishika kichwa changu kwa mikono miwili.
Mji mzima unagombania kikombe kimoja:
moyo unachota, figo zinachota,
damu inachota ipate kutembea,
na huku juu kabisa, utosini,
shamba la mwisho linangoja zamu isiyofika,
nami nalipaka mafuta majani.

Jumamosi nikamwamsha mshonaji,
nikaazima ufunguo, nikachonga wa pili. Baisa mia tano.
Chupa nikaiweka kati ya machanuo,
na kila athari moja, mteja anune asinune,
mafunda matatu.

Sisemi ni maji peke yake.
Nilianza kula dengu, kulala kabla ya saa sita,
na kilemba sikifungi tena kama anayefunga mzigo.
Miezi ilikwenda mwendo wa kucha.
Mkojo ulibadilika rangi siku ya pili.
Nywele, kama mtende ule, zikaja mwisho.

Leo Zuwena kanikalisha mimi kitini.
Pajini, pale kioo kinapopasuka,
vinywele vifupi, vibishi, vimesimama,
havishikiki kwa kidole,
havisukiki hata twende kilioni.
"Athari," akasema.
Sikumuuliza ni ya kwao au ya kwetu.

Mshonaji anagonga ukuta:
nani kaacha bomba la chooni wazi?
Mimi. Naja.