Kukabidhi Pikipiki

Ufunguo huu hapa, Mineo. Vaa glavu kwanza:
chuma cha Januari hung'ata ngozi
na hakiachii mpaka kipewe kipande.

Hii ndiyo yenyewe. Kuukuu, nyekundu kama pua zetu,
imechubuka ubavu wa kulia. Mara tisa nimeilaza hapo,
mara moja ikanilaza mimi.

Kiki ipige mara tatu, ngoja, pumua.
Ya nne usiipige kwa hasira.
Inajua hasira, itakugomea
mbele ya mkuu wa posta.

Tairi la nyuma nimelivalisha cheni tangu Novemba.
Kwenye lami utaisikia, cha-cha-cha,
kama mtu anayetafuna kokoto;
kwenye theluji itanong'ona.
Mnong'ono ukikatika, uko juu ya barafu,
ile isiyoonekana,
na hapo usiguse breki ya mbele
hata kama anayekatiza njia ni mama yako.

Magazeti yapange kifuani, ndani ya koti.
Ya juzi yana joto kuliko ya leo, sijui kwa nini,
labda habari zikichacha hutoa mvuke.
Kioo cha helmeti kitajaa ukungu wa pumzi zako.
Kifungue upana wa kidole, basi.
Machozi yatatoka, si ya huzuni,
yatagandia kwenye kope. Usiyafikiche.

Miguu yote miwili ishushe, uburuze nyayo
kama bata kwenye sakafu iliyopigwa deki.
Watoto wa shule watakucheka pale kiwanda cha maziwa.
Wacheke. Mimi nimechekwa miaka thelathini na mmoja
na waliokuwa wa kwanza kunicheka
sasa wananiletea wajukuu wao wanicheke.

Mwenda pole hajikwai, ndiyo,
lakini huku Hokkaido mwenda pole naye huanguka,
tofauti ni kwamba hupata muda
wa kuchagua upande.

Baada ya daraja la Shirobetsu hakuna miti.
Upepo unatoka baharini, kule Okhotsk, haubishi hodi.
Inama mpaka kidevu kiguse mita ya mafuta.

Nyumba ya mwisho ni ya Bi Sawatari.

Mwaka wangu wa pili hakuwa na barua siku sita mfululizo,
nikawa nageuzia njia panda, nakwepa ule mlima.
Siku ya saba ilikuja bili ya umeme.
Nikapanda. Nikakuta njia imefagiwa,
si ya mlangoni tu,
mita mia na zaidi, hadi barabarani,
upana wa tairi moja.
Theluji ya pembeni ilikuwa na tabaka sita,
unaweza kuzihesabu kama keki.

Hakusema kitu. Alitia muhuri, akanipa kiazi cha moto
cha kuweka mfukoni.

Tangu hapo namgawia. Bili Jumatatu,
tangazo la mbolea Alhamisi (hana shamba),
kadi za Mwaka Mpya, zikija nne,
nampelekea moja moja hadi tarehe ishirini.
Ni kosa, najua, kuna kanuni na ina namba.
Sikuagizi. Nakuonyesha tu
droo ninamoziweka.

Unaniuliza kwa nini naacha.
Vidole hivi viwili vya kushoto
havitofautishi tena klachi na hewa.
Wiki iliyopita nilidhani nimeshika bahasha mbili,
kumbe sikuwa nimeshika hata moja.

Utaanguka. Leo, au Ijumaa.
Zima injini kwanza,
kisha okota barua,
kisha jiokote mwenyewe. Kwa mpangilio huo.

Haya, nenda, kunakucha.
Sikwambii kwamba nitakuwa nikisikiliza.
Ila dirisha la jikoni kwangu linatazama barabara,
na majirani wote wameshaziba yao kwa plastiki;
hilo langu
bado sijapata nafasi.