Hesabu ya Shashi

Malava, saa nane usiku.
Dizeli imebaki chupa moja ya soda.

Daktari Mukabana kashika sindano, hashoni.
"Sista, hesabu."

Kumi na moja.

Nazipanga upya sakafuni, mojamoja,
kama vifaranga walioloa.
Kumi na moja.

Tuliingia na kumi na mbili.

Mtoto keshalia, keshaviringishwa leso;
huko nje nyanya yake
keshampa jina la marehemu mumewe.
Sisi bado tumo ndani ya Khalayi,
tunapapasa kando ya kibofu, chini ya utumbo,
jenereta likikohoa dirishani.

Nasogea kupisha taa. Mguu unateleza.

Navua kandambili, nainua:
imegandamana na soli, nyekundu, tepetepe.
"Kumi na mbili."

Daktari hacheki.
Anavuta uzi.