Sentimita Moja na Nusu

Mimi ni fundi wa nguo. Chuma sikijui.
Najua pindo, kwapa, kiuno, na uongo wa kiuno:
mabibi harusi wa Gyumri huvuta pumzi ndani
nikizungusha tepu, kisha siku ya karamu
vifungo vinaruka mezani kama punje za komamanga.

Kwa hiyo Nvard aliporudi mazoezini jioni ile,
theluji bado mabegani, vidole vya miguu vya buluu,
sikumuuliza ameinua kilo ngapi.
Nilimuuliza nani amemshonea adhabu hii.

Soksi za magoti, mama.
Hazina kisigino wala wayo,
mpira mweusi wa milimita saba,
nzito kama vazi la mpiga mbizi.
Kuzivaa ni robo saa: mfuko wa plastiki mguuni,
dada yake Arpine akivuta,
na matusi ambayo mimi sikuwafundisha.

Amenunua ndogo.
Kwa sababu Satenik anavaa ndogo,
na Satenik akichuchumaa na chuma mabegani
huibuka kutoka chini kama kizibo cha chupa.
Eti zikibana sana, zinakusukuma.

Mwanangu, nguo haimsukumi mtu.
Huupa mwili joto, huukumbusha ulipo,
huushika kama kiganja cha anayekuvusha barabara ya barafu:
kikilegea, utateleza;
kikikaza mno, utauwaza mkono wake
na barafu utaisahau.

Vua, nikasema. Simama. Usikaze paja.
Kunja goti kidogo, hivyo,
kama mtu aliyetaka kukaa akabadili nia.
Nikapitisha tepu juu ya pia ya goti,
kidole kimoja chini yake, kama nifanyavyo kwenye kola.
Kulia: thelathini na sita.
Nikaandika kwa chaki mezani.

Kushoto: thelathini na saba na nusu.

Nikapima tena. Tepu yangu ni ya urithi,
imefifia penye sifuri,
lakini haijawahi kudanganya mguu mmoja tu.

Nvard akatazama jiko.
Arpine akakumbuka ana sahani za kuosha.
Niliweka kiganja juu ya goti la kushoto:
lilikuwa na moto wake wenyewe,
laini, limejaa, kama unga unaoumuka chini ya kitambaa.

Tangu lini?
Novemba.
Na hii ilikuwa Februari, Vanadzor ikiwa wiki tatu mbele,
jina lake limeshaandikwa.
Ipo methali ya waficha maradhi. Niliimeza.
Hakununua ndogo ili imsukume.
Alinunua ndogo ili ifiche.

Daktari Zaruhi alivuta kwa sindano
maji ya rangi ya chai iliyopoa,
akasema wiki sita, wala usinibembeleze.
Vanadzor ikafanyika bila sisi.
Satenik alipata nishani ya fedha; Nvard alimpigia makofi
mbele ya televisheni, kwa mikono ya hasira.

Aprili tukarudi kwenye duka la karibu na stesheni.
Ndogo, ndogo, akasema muuzaji, wote huchukua ndogo.
Nikatoa tepu mfukoni.
Tulichukua ya kati, milimita tano.
Alivaa mwenyewe, bila mfuko, bila dada,
akachuchumaa mara tano kati ya maboksi ya viatu.
Haikuteremka. Haikujikunja nyuma ya goti.
Vidole vya miguu vikabaki na rangi ya vidole,
na alipozivua, alama zilifutika
kabla hatujamaliza kubishania bei.

Chaki bado ipo mezani; nashona kwa kuizunguka.
Kila Jumapili Nvard huja bila kuitwa,
hukunja goti kama mtu aliyebadili nia.
Thelathini na saba.
Thelathini na sita na robo tatu.
Hutoa pumzi yote kwanza,
ndipo hunipa mguu.